Leonhard Euler: Mzee asiyeona aliyeipima namba 2,147,483,647

Jumanne ya Januari 19, 2038, kompyuta nyingi za zamani zitafika mwisho wa kuhesabu. Kwa saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde saba juu yake. Kwa Kigali, Bujumbura na Goma itakuwa saa 11 na dakika 14 alfajiri. Kompyuta hizo hujua wakati kwa kuhesabu sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hujaa inapofika 2,147,483,647. Sekunde moja baadaye, mtambo ambao haujarekebishwa utarudi nyuma na kudhani uko Desemba 1901.

Mafundi wa kompyuta wanaijua tarehe hiyo kwa miaka mingi, na wamekuwa wakibadilisha mitambo kabla siku haijafika. Lakini namba yenyewe ilishughulikiwa muda mrefu kabla kompyuta ya kwanza haijaundwa. Mwaka 1772, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, mzee wa miaka 65 hivi ambaye macho yake yalikuwa yameshindwa kabisa kusoma aliutangazia ulimwengu wa wasomi kwamba namba hiyo haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Kwa lugha ya darasani, ni namba tasa.

Mzee huyo ni Leonhard Euler, jina ambalo hutamkwa Oila. Wanafunzi wa hisabati wa sekondari na vyuo hukutana na alama alizozieneza bila kumjua: herufi e, herufi ya Kigiriki inayoandikwa kwenye mzingo wa duara, na f ya fomula za fankisheni. Kisa chake na namba hii moja kinaonyesha alivyofanya kazi kuliko orodha ndefu ya sifa zake. Wakubwa waliomtangulia walikuwa wameisemea namba hiyo bila kutoa hoja. Yeye aliipima.

Mtoto wa mchungaji

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707, mjini Basel, Uswisi. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, na familia ilihamia kijiji cha Riehen, jirani na Basel, mtoto akiwa bado mdogo. Masomo yake ya kwanza ya hesabu aliyapata nyumbani kwa baba huyo, ambaye katika ujana wake aliwahi kuhudhuria mihadhara ya Jakob Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa wakati huo.

Alipofika miaka 13 alijiunga na Chuo Kikuu cha Basel. Umri huo haukuwa ajabu kubwa kwa zama hizo. Lililokuwa ajabu ni mwalimu aliyempata. Johann Bernoulli, mdogo wake Jakob, alikuwa na shughuli nyingi na hakukubali kumfundisha kijana huyo masomo ya faragha. Badala yake alimpa vitabu vigumu avisome mwenyewe, na kumruhusu afike nyumbani kwake kila Jumamosi alasiri kuuliza yale yaliyomshinda. Kijana alijitahidi wiki nzima ili Jumamosi asiwe na maswali mengi ya kumchosha mwalimu.

Baba alitaka mwanawe awe mchungaji kama yeye. Bernoulli ndiye aliyemshawishi mzazi huyo aiache hesabu imchukue mtoto. Euler alibaki kuwa mtu wa imani maisha yake yote, na hata Berlin, mahali ambapo mzaha dhidi ya dini ulikuwa mtindo wa wakubwa, aliendelea kuongoza sala za familia yake kila jioni.

Akiwa na miaka 19 aliomba nafasi ya ualimu wa fizikia Basel, akaikosa. Wakati huo Urusi ilikuwa imefungua Akademia mpya ya Sayansi mjini St. Petersburg na ilikuwa ikitafuta wasomi kutoka nchi za nje. Watoto wawili wa mwalimu wake, Daniel na Nicolaus Bernoulli, walikuwa wametangulia huko. Nicolaus alifariki mwaka 1726, na mwaka uliofuata Euler akafunga safari ya majuma kadhaa kwa mashua, kwa gari la farasi na kwa meli hadi mji huo wa baridi kali. Hakurudi tena kuishi Uswisi.

Kosa la Fermat

Mwaka 1729, katibu wa zamani wa Akademia, Christian Goldbach, alimwandikia Euler barua iliyobadili maisha yake. Goldbach alimuuliza kama anajua madai fulani ya Pierre de Fermat, hakimu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1665 na ambaye hisabati aliifanya kama burudani ya baada ya kazi. Fermat alitaja mfululizo wa namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote zikiwa tasa, akaamini kwamba zitakazofuata kwa kanuni hiyo hiyo zitakuwa tasa pia. Namba inayofuata ni 4,294,967,297.

Mwanzoni Euler hakuonyesha hamu kubwa. Baadaye swali lilimkaa. Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, alionyesha kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Madai ya mtu aliyeheshimiwa Ulaya nzima yakaanguka kwa mgawanyo ambao mtoto wa shule mwenye kalamu na subira anaweza kuurudia leo.

Euler hakuishia kwenye jibu. Alitaka kujua kwa nini ni 641 na si nyingine. Baada ya miaka kadhaa alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo ya Fermat lazima kibaki moja kinapogawanywa kwa 64. Kwa sharti hilo, namba tasa zinazostahili kujaribiwa ni chache mno: 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Kazi iliyoonekana kuwa ya kuhesabu usiku na mchana ikawa ya dakika chache.

Hapo ndipo Euler alipojifunza mambo mawili aliyoyatumia miaka 40 baadaye. La kwanza, kwamba jina kubwa la msemaji haliifanyi kauli kuwa kweli. La pili, kwamba kabla ya kuanza kugawanya ovyo, ni heri kukaa na kuuliza vigawo vinavyotafutwa vinaweza kufanana vipi.

Shilingi moja ya Januari

Namba 2,147,483,647 inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa akiba. Mtu aweke shilingi moja Januari 1, shilingi mbili Januari 2, shilingi nne Januari 3, na aendelee hivyo akiongeza maradufu kila siku. Jumla ya akiba baada ya siku mbili ni 3. Baada ya siku tatu ni 7, baada ya siku tano ni 31. Mwezi ukiisha, Januari 31, jumla ya fedha zote alizoweka itakuwa shilingi 2,147,483,647. Ni sawa na kuzidisha mbili kwa mbili mara 31, kisha kutoa moja.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki Euclid alionyesha kwamba jumla za namna hii zina siri. Jumla ikiwa namba tasa, ikizidishwa kwa kiasi cha siku ya mwisho hutoa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Siku mbili: 3 mara 2 ni 6, na 6 ni sawa na 1 na 2 na 3 zikijumlishwa. Siku tatu: 7 mara 4 ni 28, na 28 ni sawa na 1, 2, 4, 7 na 14 zikijumlishwa. Siku tano: 31 mara 16 ni 496.

Kwa hiyo kila aliyetaka namba timilifu mpya alitafuta siku ambayo jumla yake ni tasa. Si kila siku inafaa. Jumla ya siku nne ni 15, ambayo ni 3 mara 5. Idadi ya siku isipokuwa tasa, jumla nayo haiwi tasa. Hata idadi ya siku ikiwa tasa bado hakuna uhakika: jumla ya siku 11 ni 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Wengi walijikwaa hapo. Pietro Cataldi, mwalimu wa hisabati nchini Italia, alithibitisha kwa kugawanya kwamba siku 17 na siku 19 zinatoa namba tasa. Hilo lilikuwa sahihi. Lakini aliongeza pia kwamba siku 23, 29, 31 na 37 zinafaa, bila kuthibitisha. Fermat alionyesha kwamba 23 na 37 hazifai. Mwaka 1644, mtawa wa Paris aliyeitwa Marin Mersenne, mtu aliyeandikiana barua na karibu kila msomi wa Ulaya, alitoa orodha yake mwenyewe. Ndani yake zilikuwamo 31, 67, 127 na 257. Hakuna aliyejua alizipataje, kwa kuwa namba hizo zilikuwa kubwa mno kukaguliwa na mtu yeyote wa zama zake.

Kwa zaidi ya karne moja orodha ya Mersenne ilisomwa na kurudiwa. Euler akiwa bado kijana alishaonyesha kwamba siku 29, aliyoitaja Cataldi na kuachwa na Mersenne, kweli haifai, kwa kuwa jumla yake inagawanyika kwa 233, 1,103 na 2,089. Iliyobaki mbele yake ilikuwa siku 31.

Jicho la kwanza

Maisha yalikuwa yakiendelea pia. Mwaka 1734 Euler alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg. Walizaa watoto 13, na ni watano tu waliovuka utoto. Wanaosimulia habari zake husema kwamba alizoea kuandika hisabati mtoto akiwa amempakata na wengine wakicheza miguuni pake.

Mwaka 1735 aliugua homa kali iliyokaribia kumuua. Miaka mitatu baadaye jicho lake la kulia liliacha kuona. Mwenyewe aliamini kwamba kazi ya kuchora ramani, iliyomlazimu kukodolea macho mistari midogo, ndiyo iliyoliharibu. Madaktari wa leo huhusisha zaidi na maradhi aliyoyapata. Hakulalamika sana. Alichukulia kwamba sasa atakuwa na vitu vichache vya kumpotezea mawazo.

Mwaka 1741, siasa za Urusi zikiwa zimechafuka, alikubali mwaliko wa mfalme Frederick wa Pili wa Prussia na kuhamia Berlin. Alikaa huko miaka 25. Aliandika kuhusu mwendo wa mwezi, mizinga, meli, muziki, bima na bahati nasibu. Wakati huo huo aliendelea kupokea malipo kutoka St. Petersburg na kupeleka makala huko. Warusi walimthamini kiasi kwamba mwaka 1760, jeshi lao lilipovamia eneo la Berlin na kuharibu shamba lake la Charlottenburg, jenerali wao alimlipa fidia, na malkia Elizabeth akaongeza rubo 4,000.

Kwa mfalme wa Prussia mambo hayakuwa hivyo. Frederick alipenda watu wa maneno matamu ya Kifaransa, wenye utani na mashairi mezani. Euler alikuwa mtu wa kawaida, mcha Mungu, asiyejua kubembeleza. Mfalme alimdhihaki kwa jicho lake moja, akimfananisha na jitu la hadithi za Kigiriki. Nafasi ya rais wa Akademia ya Berlin ilipobaki wazi, Euler alifanya kazi zake bila kupewa cheo, na mfalme alikuwa tayari kumpa Mfaransa d'Alembert, ambaye mwenyewe alikiri kwamba hakuna wa kuwekwa juu ya Euler. Mwaka 1766, kwa mwaliko wa malkia Catherine wa Pili, Euler alirudi St. Petersburg na familia yake yote.

Giza na moto

Mara tu baada ya kurudi, jicho la pili nalo lilianza kufunikwa na mtoto wa jicho. Akawa hawezi kusoma barua wala kitabu. Alichoweza ni kuandika kwa chaki maumbo makubwa juu ya ubao wa meza, na wengine wakanakili.

Kwa mtu aliyeishi kwa kalamu, huo ungetosha kuwa mwisho. Euler aliamua vinginevyo. Alianza kutunga kitabu cha aljebra kwa kumwambia maneno kijana mmoja aliyetokea katika kazi ya ushonaji na asiyekuwa na elimu ya hisabati. Euler alisema, kijana akaandika. Inaelezwa kwamba kitabu kilipokwisha, mshonaji huyo alikuwa ameelewa aljebra vya kutosha kutatua maswali magumu peke yake. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kikawa msingi wa vitabu vya shule vilivyofuata.

Mwaka 1771 ulikuwa mgumu kuliko yote. Moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji, na nyumba ya Euler ikaungua. Mzee asiyeona alinaswa ndani. Mswisi mwenzake kutoka Basel, Peter Grimm, aliingia katika moshi, akambeba mgongoni na kumtoa. Vitabu na vitu vya nyumbani vilipotea, lakini miswada mingi iliokolewa. Mwaka huo huo alifanyiwa upasuaji wa jicho. Kwa siku chache aliona tena, kisha jicho likaingia uambukizi, maumivu makali yakafuata, na giza likarudi.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja barua ya mwaka 1772, iliyoandikwa kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo ule ule wa Bernoulli uliomlea, na kuchapishwa na Akademia ya Berlin. Ndani yake Euler alieleza kwamba siku 31 inafaa. Mersenne, safari hii, alikuwa amesema kweli.

Namna alivyoipima

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa ni kuigawanya kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, hadi kufika kwenye kipeuo chake cha pili. Hakuna haja ya kwenda mbele ya hapo, kwa sababu namba ikivunjika vipande viwili, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 hakifiki 46,341. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,800 bila kukosea hata mara moja ni kazi ya kumchosha hata mwenye macho mazima.

Euler alitumia chekecheke mbili. Ya kwanza ilitokana na kanuni ambayo Fermat aliitaja bila kuacha uthibitisho, na ambayo Euler mwenyewe aliithibitisha akiwa kijana. Kanuni hiyo inadai kwamba kigawo tasa chochote cha jumla ya siku 31 lazima kibaki moja kinapogawanywa kwa 62, yaani mara mbili ya 31. Mfano wake mdogo ni siku 11: vigawo vya 2,047 ni 23 na 89, na vyote viwili hubaki moja vikigawanywa kwa 22.

Chekecheke ya pili inadai kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 kibaki ama moja au saba. Kwa mfano huo huo, 23 hubaki saba na 89 hubaki moja. Zikiunganishwa, chekecheke hizo mbili zinaacha namba ambazo zikigawanywa kwa 248 hubaki moja au 63. Kuanzia mwanzo hadi 46,341, namba za namna hiyo hazifiki 375. Nyingi kati ya hizo nazo huanguka zenyewe: 249 inagawanyika kwa 3, na 497 inagawanyika kwa 7. Zinazobaki kuwa tasa, kama 311, ni pungufu ya 100.

Mlima wa migawanyo 4,800 ukawa kilima kisichofika 100. Kazi kama hiyo mzee anaweza kuisimamia kwa kumbukumbu, akisaidiwa na mwandishi. Na kumbukumbu yake ilikuwa ya kutisha. Alijua kwa kichwa shairi refu la Kilatini la Aeneid kutoka mwanzo hadi mwisho. Inasimuliwa pia kwamba wanafunzi wawili walijumlisha mfululizo mrefu wa namba wakatofautiana kwenye tarakimu ya 50, na Euler akairudia hesabu nzima kichwani na kuonyesha aliyekosea.

Hakuna namba iliyogawanya. Hivyo 2,147,483,647 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa hadi siku hiyo, na ikabaki hivyo kwa miongo mingi. Kwa kanuni ya Euclid, ikizidishwa kwa 1,073,741,824, ambayo ndiyo akiba ya Januari 31 peke yake, hutoa namba timilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128. Euler alithibitisha pia jambo ambalo Euclid hakulifikia, kwamba namba timilifu shufwa zote hupatikana kwa njia hiyo na si nyingine. Uthibitisho huo ulichapishwa baada ya kifo chake.

La mkuu nalo hupimwa

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika hisabati la mkuu husikilizwa, kisha hupimwa. Orodha ya Mersenne iliendelea kukaguliwa baada ya Euler. Mwaka 1876, Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba siku 127 inafaa, na akaonyesha kwamba siku 67 haifai. Siku 257 nayo haikufaa. Na Mersenne alikuwa amesahau tatu zinazofaa: 61, 89 na 107. Ukaguzi wa orodha yake yote ulikamilika katika miaka ya 1940, karne tatu baada ya kuandikwa.

Euler mwenyewe hakuepuka kipimo hicho. Mwaka 1769 alidai kwamba haiwezekani kupata vipeo vinne vya tano ambavyo jumla yake ni kipeo cha tano. Dai hilo lilisimama karibu miaka 200. Mwaka 1966, Wamarekani L. J. Lander na T. R. Parkin waliitumia kompyuta kuonyesha kwamba 27, 84, 110 na 133, kila moja ikipandishwa kwenye kipeo cha tano na zote zikajumlishwa, hutoa 144 kwa kipeo cha tano. Heshima ya Euler haikupungua, na dai likafutwa.

Hata wasomi walioitazama namba yake walikosea kuhusu thamani yake. Mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu iliyotokana na kazi ya Euler huenda ikabaki kubwa kuliko zote milele, kwa kuwa namba hizo ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta zaidi.

Leo faida yake imejificha katika vyombo vya kila siku. Kompyuta huhesabu kwa swichi ndogo zenye hali mbili, kuwaka na kuzima. Swichi 31 zikiwaka zote, namba zinayoonyesha ni 2,147,483,647, na swichi ya 32 huachiwa alama ya kujumlisha au kutoa. Ndiyo maana namba hiyo ndiyo ukomo wa kaunta nyingi, na ndiyo maana ya tarehe ile ya 2038. Nayo kanuni iliyompa Euler chekecheke yake ya kwanza, ambayo aliipanua baadaye, ndiyo iliyokuwa msingi wa njia ya kufunga siri iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, njia ambayo imelinda mawasiliano ya benki na intaneti kwa miongo kadhaa.

Siku ya mwisho

Katharina alifariki mwaka 1773. Miaka mitatu baadaye Euler alimwoa Salome Abigail, dada wa baba mmoja na marehemu mkewe. Kazi haikusimama. Akisaidiwa na mwanawe Johann Albrecht na vijana kama Nicolas Fuss, aliyetoka Basel, alitoa makala kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia hata alipokuwa akiona. Karibu nusu ya kazi zake zilitungwa katika miaka hiyo ya giza. Orodha rasmi ya maandiko yake, iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20, ina majina 866.

Septemba 18, 1783, alimfundisha mjukuu wake hesabu, akapiga mahesabu ya mwendo wa puto la hewa, chombo kipya kilichokuwa gumzo Ulaya mwaka huo, kisha akazungumza na msaidizi wake Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, iliyogunduliwa miaka miwili tu kabla. Alasiri, akivuta kiko, alipatwa na kiharusi. Alifariki usiku huo akiwa na umri wa miaka 76. Akademia ya St. Petersburg iliendelea kuchapisha makala alizoziacha kwa miongo kadhaa.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa mpya ya aina ile ile ya akiba inayoongezwa maradufu. Siku zake ni 136,279,841, na namba yenyewe ina tarakimu 41,024,320. Aliyeigundua, Mmarekani Luke Durant, alitumia kompyuta zilizotawanyika katika nchi nyingi. Hata hivyo haikutangazwa siku ilipoonekana. Kwanza ilirudiwa na watu wengine, kwa mitambo mingine na programu nyingine, hadi wote wakapata jibu moja.